Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya fedha za umma: nywila inatangulia, mafunzo hayafiki

Kwa viongozi wenye dhamana ya fedha, utumishi wa umma na serikali za mitaa,
Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: MAFUNZO YA TAALUMA YA FEDHA ZA UMMA KWA MAAFISA WA HAZINA NA WAHASIBU WA HALMASHAURI

Waheshimiwa viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu mstaafu. Kazi yangu yote niliifanya katika serikali za mitaa, nikianzia kwenye dirisha la kupokea fedha na kumalizia kwenye meza ya hesabu za mwisho wa mwaka. Jambo ninaloliandika leo nilikwisha kuliandika nikiwa kazini, kwa dokezo sabili na kwa barua, nikifuata ngazi zote kama taratibu zinavyotaka: kwa mkuu wangu wa idara, kwa mkurugenzi, na kupitia kwake hadi mkoani. Barua zilipokelewa, zikagongwa muhuri wa masijala na kuingizwa kwenye jalada. Majibu, pale yalipopatikana, yalikuwa kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Nimestaafu, bado linafanyiwa kazi, na vijana niliowaacha ofisini hunipigia simu kila inapokaribia Septemba kuniuliza mambo ambayo walipaswa kufundishwa na mwajiri wao. Nimeona sasa niandike hadharani.

Sina nia ya kumchafua mtu, na sitataja halmashauri yoyote, kwa sababu ninayoyaeleza hayana mwenyewe mmoja. Hoja yangu ni hii: Serikali imebadilisha karibu kila kitu katika namna fedha za umma zinavyopangwa, zinavyotumwa, zinavyotumika na zinavyotolewa taarifa, lakini haijabadilisha namna inavyomwandaa mtu anayezishika. Tunampa nywila, kisha tunasubiri mkaguzi ndiye amfundishe kazi.

Naomba nieleze malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Kinachoitwa mafunzo ni maelekezo ya mfumo, si taaluma ya fedha za umma.

Katika miaka michache tu, mhasibu wa halmashauri ameachana na Epicor, mfumo wa awali wa uhasibu, na kuhamia Mfumo wa Ulipaji Serikalini, yaani MUSE. Bajeti anaiandaa kwenye PlanRep. Makusanyo ya mapato ya ndani yamehamia TAUSI. Shule na zahanati zikaletewa FFARS, mfumo wa uhasibu na utoaji taarifa za fedha wa vituo. Na mwaka 2023 NeST ikachukua nafasi ya TANePS katika ununuzi, sambamba na Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma iliyofuta ile ya mwaka 2011. Siilaumu mifumo hii. Aliyewahi kuzunguka mji mzima na kitabu cha hundi kwapani, akimtafuta mtia saini wa pili ambaye yuko msibani, anajua tumetoka wapi.

Ila kila mfumo ulipokuja, mafunzo yake yalikuwa ya namna ileile: ukumbi, projekta, mtandao unaokatika, na mkufunzi anayesema bofya hapa, kisha hapa, kisha hapa. Mshiriki huondoka akijua nani anaingiza malipo, nani anahakiki na nani anaidhinisha. Hakuna anayemweleza kwa nini malipo haya yaende kwenye kasma (yaani kifungu cha bajeti) ile na si hii, na mfumo wenyewe hauwezi kumwambia, maana mfumo hukataa kasma isiyo na salio lakini haukatai kasma isiyo sahihi.

Nitoe mfano ambao kila aliyewahi kukaa kwenye timu ya hesabu za mwisho atautambua. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa takriban shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikajenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini, kwa shilingi milioni 20 kila kimoja, vingi kati yake vikijengwa kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, chini ya kamati za shule. Madarasa yalisimama kwa muda mfupi, na wanafunzi wakaingia. Hilo nalisema kwa fahari kwa sababu niliyaona. Lakini vocha nilizozipitia mimi zilikuwa na hadithi nyingine. Saruji imeandikwa kama vifaa vya matumizi ya kawaida, malipo ya fundi yameandikwa kama huduma, mabati yameandikwa kama ukarabati, na yote hayo ni ya jengo moja. Kwa viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma tunavyovifuata, darasa ni mali ya kudumu: gharama zake zote hukusanywa mahali pamoja, hukaa kama kazi inayoendelea mpaka jengo likamilike, kisha huingia kwenye rejesta ya mali na kuanza kuhesabiwa uchakavu mwaka hadi mwaka. Likitawanywa kwenye kasma tatu za matumizi, jengo lipo, watoto wamo ndani wanasoma, na vitabu vya halmashauri vinasema halipo.

Matokeo yake yanajulikana. Sheria inataka hesabu zimfikie Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka kufungwa tarehe 30 Juni. Badala ya miezi hiyo kutumika kuandaa hesabu, watu hufungua maboksi ya vocha moja baada ya nyingine, usiku, wakitafuta mfuko upi wa saruji ulikuwa wa darasa na upi ulikuwa wa kuziba nyufa za choo cha walimu. Aliyeandika vocha ile hakuwa mwizi wala mzembe. Alifundishwa mahali pa kubofya.

2. Anayefunzwa si yule anayeshika vitabu.

Mwaliko wa mafunzo unapokuja, kwa kawaida huelekezwa kwa mkuu, na mkuu huenda. Akirudi, anayeketi mbele ya kompyuta huambiwa atapewa mrejesho, na mrejesho huo huwa ni faili la mawasilisho lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kuhusu posho za safari nisiseme mengi, kwa kuwa mnafahamu kuliko mimi zinavyoathiri orodha ya majina.

Lakini jambo zito zaidi liko chini ya ngazi ya halmashauri. Tangu Elimumsingi Bila Ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya nazo zimekuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Uamuzi huu naukubali kabisa. Fedha zimekaribia wananchi. Ila kwa uamuzi huo, bila kusema hivyo, tumewafanya walimu wakuu na waganga wafawidhi kuwa maafisa wa hazina. Mwalimu aliyesomea kufundisha hisabati ya darasa la nne sasa anaandaa bajeti, anaandika vocha, anatunza leja, anafanya usuluhisho wa benki na kutoa taarifa ya robo mwaka.

Tuangalie alichokabidhiwa. Ruzuku ilipoanza ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikitengwa kwa ajili ya vitabu. Kwa shule yenye wanafunzi 800, hiyo ni kama shilingi 400,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi, na mwalimu angeweza kujifunza taratibu kupitia fedha hizo. Kisha siku moja zinaingia milioni 40 za madarasa mawili, na maelekezo kwamba ujenzi uishe haraka. Anamlipa muuza mabati bila kukata asilimia 2 ya kodi ya zuio, ambayo sheria ya kodi ya mapato inaitaka kwa bidhaa zinazouzwa kwa taasisi za Serikali. Anamlipa mtoa huduma bila kukata asilimia 5. Na hajawahi hata kusikia kwamba kodi hizo zipo. Mchanga ameletewa na kijana mwenye mkokoteni wa punda, ambaye hana mashine ya EFD ya kutoa risiti za kielektroniki wala hatarajii kuwa nayo. Mwaka unaofuata mkaguzi anafika, na mwalimu huyu anasimama kujibu hoja za ukaguzi kuhusu kodi isiyokatwa na malipo yasiyo na risiti za kielektroniki, mbele ya watu ambao hawakuwahi kumwambia afanyeje mtu anapokuuzia mchanga kijijini. Nimekaa na walimu wa namna hiyo wakiandaa majibu. Wengine waliomba kuvuliwa ukuu wa shule kuliko kupitia jambo hilo tena.

3. Mafunzo huletwa wakati mbaya kuliko yote.

Semina nyingi nilizoziona ziliitishwa Mei na Juni, pale mtu alipokumbuka kwamba fungu la mafunzo lina salio na mwaka unafungwa. Ndiyo miezi ambayo mhasibu hapaswi kuondoka mezani hata kwa saa moja.

4. Taaluma imeachwa iwe mzigo wa mtumishi mwenyewe.

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ipo tangu mwaka 1972, mitihani yake inaheshimika, na inawataka wanachama wake waendelee kujifunza. Lakini mhasibu wa wilaya ya mbali anayetaka kufanya mitihani ya CPA, yaani ya uhasibu wa ngazi ya juu wa kitaaluma, au kuhudhuria semina za kuendeleza taaluma, mara nyingi hujilipia ada, nauli na malazi, na huomba ruhusa kana kwamba anaomba fadhila. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinamtaka mwajiri awe na mpango wa mafunzo wa watumishi wake. Mpango huo niliuona kila mwaka. Ulikuwa umechapwa vizuri.

5. Wanaoidhinisha malipo hawajafunzwa kusikia neno hapana.

Sheria ya Fedha za Umma imemweka afisa masuuli kuwa mwenye kuwajibika kwa fedha zilizo chini yake. Mkurugenzi anaweza kuwa alitoka kwenye ualimu, kilimo au sheria, na hilo si kosa. Kosa ni kumkabidhi mabilioni bila kumfundisha maana ya saini yake. Agizo la "lipa kwanza, kifungu tutakitafuta" halitokani na ubaya wa mtu kila wakati. Mara nyingi mhusika anaamini kwa dhati kwamba kasma ni suala la wahasibu. Upande wa pili, mhasibu mdogo anayepewa agizo hilo hajafundishwa namna ya kuandika pingamizi lake kwa heshima, kwa kutaja kifungu cha sheria, na kubaki na nakala. Kwa hiyo analipa, na hoja inapokuja jina lake ndilo lililo kwenye mfumo. Madiwani wa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango nao hupokea taarifa ya mapato na matumizi yenye kurasa nyingi, na wengi wao, kwa kukosa wa kuwaelekeza namna ya kuisoma, huuliza tu kuhusu posho na barabara ya kata yao.

Waheshimiwa viongozi, nafahamu majibu yatakayotolewa, kwa kuwa baadhi nilikwisha kupewa.

Mtasema bajeti ya mafunzo haitoshi. Kila mwaka halmashauri husafirisha magari na maafisa kwenda Dodoma kukaa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, wakiwa na makabrasha ya majibu ya hoja, na nyingi za hoja hizo zinajirudia kutoka mwaka uliotangulia. Fedha hiyo ipo na inatumika. Isitoshe, mafunzo mazuri hayahitaji hoteli: ukumbi wa halmashauri upo, na vocha za mwaka jana, zenye makosa ya kweli ya watu wetu wenyewe, ni vitendea kazi bora kuliko mifano ya kubuni.

Mtasema wakishafunzwa wanahama. Wanahamishwa na nani? Mhasibu aliyetoka halmashauri moja kwenda nyingine bado ni mtumishi wa Serikali ileile, na ujuzi wake haubaki kwenye kituo alichotoka. Kinachoumiza ni mtu kuhamishwa mwezi mmoja baada ya kufundishwa mfumo wa mapato na kupelekwa kwenye kitengo cha mishahara. Hilo linatatuliwa kwa kalamu, bila kuongeza hata shilingi kwenye bajeti.

Mtasema pia kwamba halmashauri nyingi sana sasa zinapata hati inayoridhisha, yaani hati safi ya ukaguzi. Ni kweli, na wahasibu wanastahili pongezi. Lakini yeyote anayesoma ripoti ya ukaguzi hadi mwisho anajua kwamba hati inazungumzia kama taarifa za hesabu zinaonyesha picha sahihi, na nyuma yake hufuata hoja za ununuzi usiofuata utaratibu, mapato yaliyokusanywa kwa POS (mashine za kukusanyia mapato) yasiyofika benki, mikopo ya vikundi isiyorejeshwa na madeni yasiyo na nyaraka. Hati safi inaweza kupatikana kwa watu wachache hodari kukesha Septemba nzima wakinyoosha yaliyoharibika Oktoba ya mwaka uliopita. Huo ndio utaratibu ninaoulalamikia. Watu hao hodari wanastaafu.

Kuhusu kauli kwamba mifumo ikishasomana makosa yataisha, nimekwisha kueleza kuhusu kasma, na sina la kuongeza.

Ninachoomba ni haya:

(a) Kuwe na mtaala mmoja wa fedha za umma kwa kada zote zinazoshika fedha, kuanzia Hazina yenyewe na Hazina Ndogo za mikoa, hadi halmashauri, shule na zahanati, uliopangwa kwa ngazi. Vyuo vya kuufundisha tunavyo: Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, Chuo cha Utumishi wa Umma, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Taasisi ya Uhasibu na Chuo cha Uhasibu Arusha. Mtaala huo uwe na mtihani, na mtihani uwe wa vocha, leja na kasma, si wa kukariri tafsiri za maneno.

(b) Nywila ya kuingiza, kuhakiki au kuidhinisha malipo itolewe kwa mtu aliyefaulu ngazi inayohusika, na mkurugenzi mpya asitie saini ya malipo kabla ya kupata mafunzo ya afisa masuuli. Najua hili litalalamikiwa kuliko yote. Dereva wa gari la Serikali hapewi ufunguo bila leseni, na hakuna anayeona kwamba ameonewa.

(c) Mwalimu mkuu na mganga mfawidhi wapate mafunzo kabla ya majina yao kupelekwa benki kama watia saini, na kila kata iwe na mhasibu wa halmashauri aliyepangiwa kuitembelea kila robo mwaka, mwenye pikipiki na mafuta, akiwa na kazi moja ya kufundisha kwenye vitabu vya kituo husika. Asiende kama mkaguzi. Fedha za ujenzi zinapotumwa kituoni, ziende pamoja na waraka mfupi wa Kiswahili unaosema kasma ipi itumike, kodi ipi ikatwe, na muuzaji asiye na mashine ya EFD ashughulikiweje.

(d) Mfumo mpya usianze kutumika kabla watumiaji wa ngazi ya meza hawajafunzwa, na pasiitishwe semina yoyote ya wahasibu kati ya Mei na Septemba.

(e) Kila halmashauri iwasilishe kila robo mwaka kwenye Kamati ya Fedha orodha ya waliopata mafunzo, cheo chao, walichofunzwa na kiasi kilichotumika, na orodha hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo pamoja na taarifa ya mapato na matumizi. Wananchi wakiona jina lilelile mara nne, watauliza wenyewe.

(f) Ada ya mitihani ya kitaaluma ilipwe na mwajiri kwa anayefaulu, kwa makubaliano ya kutumikia Serikali kwa muda utakaopangwa.

Sitarajii yote haya yafanyike kwa pamoja. Ombi la (c) na la (d) yanaweza kutekelezwa kwa waraka mmoja, na waraka huo ungeweza kuwa umefika kwenye halmashauri zote kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Nitashukuru kupata jibu la maandishi linaloeleza ni lipi kati ya maombi haya limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani, na nani amekabidhiwa kulisimamia. Niko tayari kuitwa, kwa nauli yangu, kuonyesha namna mafunzo ya vocha yanavyoweza kufanyika kwenye ukumbi wa kata bila projekta.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhasibu Mstaafu,
Serikali za Mitaa, Tanzania Bara

Nakala: Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa
Nakala: Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu
Nakala: Wakuu wa vyuo vilivyotajwa katika ombi la (a)